Mwalimu msaidizi alipwe mshahara, si hela ya soda

Katika shule nyingi za msingi za Mwanza yupo mwalimu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara. Cheti cha ualimu anacho. Mazoezi ya kufundisha alifanya na akafaulu. Kwenye mfumo wa ajira wa serikali ameomba mpaka amezoea. Asubuhi anaingia darasani kama wenzake, anashika chaki, anasahihisha madaftari, anasimamia zamu ya usafi. Mwisho wa mwezi anapewa kilichopatikana: mwezi huu nauli, mwezi ujao ahadi. Wenyewe wanaiita hela ya soda. Kwa mdomo wa ofisi, huyo ni mwalimu wa kujitolea.

Sisi tunasema utaratibu huo ukome. Manispaa ya Ilemela iajiri walimu wasaidizi wenye sifa, kwa mkataba na mshahara unaojulikana, na iwape kazi moja: kufundisha watoto waliobaki nyuma kusoma, kuandika na kuhesabu, kuanzia darasa la awali hadi la tatu. Na ianzie Kirumba.

Kwa nini Kirumba? Msomaji wa mbali anaijua kwa uwanja wa mpira wa CCM. Msomaji wa hapa anaijua kwa mwalo. Dagaa na samaki wa chumvi wanaotoka Ukerewe, Ukara na visiwa vya mbali zaidi hushushwa Kirumba Mwaloni, hupimwa, huuzwa, kisha hupanda malori kwenda hadi Kongo. Kuzunguka biashara hiyo wapo maelfu wanaoishi kwa siku: wabebaji, wanawake wanaoanika na kuchambua dagaa, mama lishe, wasukuma mikokoteni, mafundi wa nyavu. Nyumba zao zimebanana Kabuhoro, Kigoto na kwenye miamba juu yake. Na watoto wao ndio wanaojaza madarasa ya shule za serikali zilizo karibu.

Mtoto wa mwaloni ana shida yake ya pekee, na haitibiwi kwa hotuba ya kuwataka wazazi wawe na mwamko. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupandishwa mchangani na hela hukauka mtaani. Kaya hizi zinakula kwa kalenda ya mwezi, shule inaendeshwa kwa kalenda ya Wizara. Mvuvi naye hufuata samaki. Leo yuko Kirumba, baada ya miezi mitatu yuko kisiwa cha Goziba, na familia ikimfuata mtoto anahama shule katikati ya muhula au anaacha kabisa, halafu anarudi Agosti kukuta wenzake wako ukurasa wa sitini. Wapo pia wanaopitia mwaloni alfajiri kuokota dagaa zilizomwagika kabla ya kengele. Wengine wanaanza shule wakiwa na Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara vizuri sana, na Kiswahili cha kuombea maji tu.

Mtoto wa namna hiyo akikosa mtu wa kumshika mkono katika miaka mitatu ya kwanza, ndiyo imetoka. Atapandishwa darasa kama kawaida, maana hakuna anayependa kurundika wanaorudia, na atafika la tano akiwa bado anakariri umbo la ubao.

Hesabu ya darasani inaeleza sababu. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi, na mmoja kwa 25 darasa la awali. Darasa la kwanza lenye watoto mia na kitu si habari katika Jiji la Mwanza wala Ilemela. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Gawanya kwa watoto 100 upate sekunde 18 kwa kila mmoja, kabla hujatoa muda wa kuwanyamazisha, kumtoa anayeomba kwenda chooni na kuamua ugomvi wa penseli. Madaftari nayo, kwa dakika moja kila moja, yanakula saa moja na dakika arobaini. Mwalimu akisema hawezi kumfuatilia mtoto mmojammoja tusimwite mvivu.

Kaa nyuma ya darasa kama hilo uone. Mwalimu ameandika ba be bi bo bu, anagonga ubao kwa fimbo, darasa zima linaitikia mpaka mabati yanatetema. Kwa sauti ya pamoja kila mtoto anajua kusoma. Sasa mwite yule wa dawati la mwisho, mpe kitabu, mwambie asome peke yake neno lililo chini ya picha. Picha ni ya samaki, neno lililoandikwa ni "sato". Atakuambia "samaki", kwa kujiamini kabisa, na jirani yake atamkubalia. Hajasoma, amebahatisha. Ni mtu mzima aliyekaa naye uso kwa uso kwa dakika tano tu anayeweza kugundua hilo, na mwalimu wa watoto mia hana dakika tano.

Watu wa kuifanya kazi hiyo hawatafutwi. Wamejaa mtaani. Serikali ilipotangaza ajira za walimu na kuanza kuwapitisha kwenye usaili wa kuandika, mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025, waombaji walipita laki mbili na nafasi hazikufika 15,000. Mapema 2025 waliokosa wakaunda umoja wao, NETO, wakidai waliohitimu kuanzia 2015 waajiriwe bila kupangwa mstari mmoja na waliomaliza juzi. Unaweza kukubaliana nao au kuwakatalia. Lakini nchi yenye watoto mia kwa mwalimu mmoja na walimu laki mbili wanaoendesha bodaboda, wanaouza vocha na wanaofundisha tuisheni sebuleni kwa watu haiwezi kusema haina walimu. Ilichokosa ni namna ya kuwaweka pale wanapohitajika wakati bajeti kuu ikijikongoja.

Shule zimejitafutia namna yao, nayo ndiyo hiyo ya kujitolea. Kamati ya shule inakaa, inakubaliana kila mzazi achangie kidogo, anatafutwa kijana wa mtaa mwenye cheti. Kwa shule yenye wazazi wenye kipato mpango huu hutembea. Mwaloni haufiki mbali. Mzazi mwenye watoto watatu na ndoo mbili za dagaa zilizoloa mvua hachangii, na hatuoni kosa lake. Matokeo yake ni kinyume cha haki: shule ya watoto wenye nafuu inapata mikono ya ziada, shule ya watoto wenye shida inapata barua ya kukumbusha michango.

Tena elimu ya msingi inatakiwa kuwa bila ada. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, utekelezaji ukaanza Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akarudia kwa ukali kwamba hataki kusikia mtoto karudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Tunaikumbuka vizuri Januari ya 2016, watoto walivyofurika mpaka wengine wakakaa sakafuni. Walikuwa wengi wao watoto haswa tunaowazungumzia hapa. Mlango ulifunguliwa, na lilikuwa jambo jema. Walimu wa kuwapokea hawakuongezwa kwa kasi hiyo.

Ruzuku ya serikali haiwezi kuziba pengo. Kila mwanafunzi wa msingi ametengewa shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazokusudiwa kufika shuleni. Shule yenye watoto 1,200 inapata shilingi milioni 7.2 kwa mwaka, sawa na laki sita kwa mwezi, za chaki, mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Mwalimu mkuu atamlipa nani hapo?

Sasa tuangalie wenzetu, kwa sababu jambo hili limejaribiwa sana na si kila mahali lilifaulu.

Tuanze ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, watafiti walishirikiana na shule 210. Nusu yake na ushei zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwa takriban robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Walioajiriwa walikuwa vijana waliohitimu vyuo vya ualimu na kukosa ajira, kama hawa wetu. Walifika darasani mara nyingi kuliko wenye ajira ya kudumu, na wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi. Lakini kulikuwa na mawili mabaya. Baadhi ya walimu wa serikali walipoona mkono wa ziada umekuja, nao wakapunguza wao. Na sehemu kubwa ya nafasi zilikwenda kwa ndugu za walimu waliokuwamo shuleni. Pale kamati za wazazi zilipofundishwa kusimamia ajira na mahudhurio, mambo hayo yalipungua.

Kisha Kenya ikaamua kufanya jambo lile kwa nchi nzima. Watafiti wengine wakalinganisha: shule ambazo mwalimu wa mkataba alisimamiwa na shirika la World Vision, na shule ambazo alisimamiwa na wizara. Kwenye kundi la kwanza watoto walipanda. Kwenye kundi la pili hawakupanda hata kidogo. Kazi ilikuwa moja na sifa za walimu zilikuwa zilezile. Upande wa wizara mishahara ilichelewa, usimamizi ulikuwa hafifu, na walimu wenyewe walikuwa na macho kwenye ajira ya kudumu. Yeyote anayetaka kuanzisha mpango huu Ilemela aisome habari hiyo mara mbili. Mshahara ukichelewa miezi miwili, umeshaua mpango.

Ghana, kuanzia 2010, ilichukua vijana wa mpango wa taifa wa ajira ikawaweka shuleni kufundisha watoto walioachwa nyuma. India ilikuwa imetangulia: katika miji ya Mumbai na Vadodara, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Pratham liliweka shuleni mabinti wa mitaa ileile, waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo ya wiki mbili. Kila siku walichukua watoto kama ishirini waliokuwa nyuma kabisa, wakakaa nao saa mbili wakirudia misingi. Matokeo yakapanda, na waliopanda zaidi ni wale waliokuwa chini zaidi. Mabinti wale hawakuwa walimu. Walikuwa na kundi dogo, kazi iliyo wazi na muda wa kuifanya.

Upande wa pili wa shilingi ni Marekani na Uingereza. Jimbo la Tennessee, kuanzia 1985, lilijaribu katika shule 79: madarasa madogo ya watoto 13 hadi 17, madarasa ya kawaida, na madarasa ya kawaida yenye msaidizi wa kutwa. Madarasa madogo yalileta faida kubwa. Msaidizi hakuleta karibu chochote. Kwa nini? Huenda ni kwa sababu hakuwa na kazi mahususi: mara akigawa karatasi, mara akipanga viti, mara akisindikiza watoto chooni. Uingereza ilikuta baya zaidi: utafiti mkubwa wa Peter Blatchford na wenzake, uliotolewa 2009, ulionyesha kuwa watoto waliosaidiwa zaidi na wasaidizi ndio walioendelea polepole zaidi, hata walipolinganishwa na wenzao wa uwezo uleule. Shule zilikuwa zimewakabidhi watoto dhaifu kwa wasaidizi moja kwa moja, na mwalimu mwenye ujuzi akabaki na wenye akili nyepesi. Msaada ukageuka kutengwa.

Marekani ilijifunza kitu kimoja kinachotuhusu. Sheria iliyosainiwa Januari 2002 iliwataka wasaidizi wa madarasa wanaolipwa kwa fedha za shule za watoto maskini wawe na angalau miaka miwili ya chuo, au wafaulu mtihani unaopima kama wanaweza kusaidia kufundisha kusoma na kuhesabu. Huko nyuma masharti yalikuwa mepesi zaidi. Walikubali kwamba mtoto maskini hapaswi kufundishwa na yeyote aliyepatikana.

Tanzania nayo ina kumbukumbu zake, na hatuwezi kuzikwepa. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa hapa hapa kando ya ziwa, lilitaka kila mtoto awe shuleni kufikia 1977. Walimu hawakuwapo, wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba, wakasoma ualimu kazini, kwa masomo ya posta na redio. Walimu hao wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, walidharauliwa sana, na wengi wao walifanya kazi kubwa kuliko dharau ile. Baadaye, shule za kata zilipoota kila kona, wakaja vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya majuma machache. Watu wakawabandika jina la voda fasta. Hofu ya wazazi wakisikia "mwalimu msaidizi" inatoka huko, na ina msingi. Safari zote mbili serikali ilishusha sifa ili kupata idadi. Tunachopendekeza sasa hakihitaji kushusha chochote, kwa sababu wenye sifa ndio waliokaa benchi.

Mikoa jirani imeshaonja kitu cha namna hii. Chini ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, vijana wa vijijini katika mikoa kama Mara, Simiyu na Shinyanga walifundishwa kuendesha madarasa ya utayari kwa watoto ambao hawakupata awali, kwa hadithi, nyimbo na michezo, hasa pale ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani. Mwanza haikuwamo. Mpango uliofuata, Shule Bora, nao ukaingia Mara na Simiyu na kuiacha Mwanza nje. Hatulalamiki kwamba jirani kapata. Tunasema mkoa ambao wafadhili wanaona una nafuu ndio unaopaswa kujipangia wenyewe, na nafuu ya takwimu za mkoa haimfikii mtoto wa Kabuhoro.

Basi mwalimu msaidizi wa Kirumba afanye nini? Afanye kidogo, kwa bidii. Mwanzo wa muhula akae na kila mtoto wa darasa la pili na la tatu, ampime kwa kipimo rahisi ambacho watathmini wa Uwezo walianza kukitumia 2010: herufi, silabi, neno, aya, hadithi. Watoto wapangwe kwa mahali walipofika, bila kujali darasa. Kisha kila siku, saa moja, achukue kundi la watoto kumi na tano au ishirini na kuanza pale walipokwama. Chumba kikikosekana kuna kivuli cha mwembe, na kadi za silabi hukatwa kwa maboksi ya sabuni. Vizibo vya soda vya kuhesabia vimejaa Kirumba nzima. Mtoto anayefika kiwango cha hadithi anatoka kwenye kundi, anayehamia kutoka kisiwani katikati ya mwaka anaingia siku hiyohiyo.

Mwalimu wa darasa abaki kuwa mwenye darasa, na angalau mara mbili kwa wiki wabadilishane: yeye akae na kundi dogo, msaidizi ashike darasa kubwa. Makosa ya Uingereza yanaepukwa kwa utaratibu wa kawaida tu kama huo. Na iandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba msaidizi hatumwi chai, hapigi chapa mitihani ya shule nzima, wala hashiki vipindi vya la sita kwa sababu mwenye kipindi kaenda benki. Anayedhani tunatia chumvi hajakaa ofisi ya walimu.

Sehemu ya nafasi hizi itengwe kwa walimu wa watoto wenye ulemavu. Mkoa wetu una shule ya Mitindo kule Misungwi, inayopokea wasioona na wenye ualbino, na imebeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi. Lakini mzazi wa Kirumba mwenye mtoto wa uoni hafifu au asiyesikia hubaki na njia mbili, ampeleke bweni mbali akiwa na miaka saba, au abaki naye nyumbani. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 ulisema mtoto huyu asome shule ya jirani na kwao. Atasomaje pale bila mtu wa kumsomea ubao au kumtafsiria kwa lugha ya alama? Chuo cha Patandi kule Arusha kinatoa walimu wa elimu maalumu. Mmoja kwa shule mbili za Kirumba angekuwa mwanzo. Tungependa zaidi, lakini tuanze na mmoja.

Fedha. Hapa ndipo mazungumzo mengi hufia, kwa hiyo tuweke tarakimu. Chukua shule kumi za Ilemela zenye msongamano mkubwa, kila moja wasaidizi sita. Hao ni 60. Walipe shilingi 350,000 kwa mwezi kwa kazi ya asubuhi hadi saa saba mchana. Kima cha chini serikalini ni 500,000 tangu Julai 2025, hivyo kwa kazi isiyo ya kutwa hatuoni kuwa tumewanyonya, ingawa tusingependa ishuke chini ya hapo. Jumla ni milioni 21 kwa mwezi, milioni 252 kwa mwaka. Madarasa ya fedha za UVIKO ya 2021 yalijengwa kwa milioni 20 kila moja. Mpango mzima kwa mwaka ni bei ya madarasa yasiyofika kumi na matatu.

Kujenga tunajua. Darasa lina jiwe la msingi, lina utepe, lina picha ya kiongozi na mkasi. Mtu anayekaa chini ya mwembe na watoto kumi na tano hana utepe wa kukatwa. Hiyo ndiyo siri ya kwa nini bajeti zetu hupenda saruji, na madiwani wanalijua hilo kuliko sisi.

Na chanzo kipo. Ushuru wa mwalo wa Kirumba ni sehemu ya mapato ya ndani ya Manispaa. Sheria tayari inazilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo, baada ya kusimamishwa 2023, ilirejeshwa mwaka uliofuata. Haihitaji sheria mpya baraza la madiwani kuamua kwamba sehemu ndogo ya hela inayotozwa kwenye ndoo ya dagaa irudi kwa mtoto wa aliyeibeba ndoo hiyo. Kinachohitajika ni kifungu kwenye bajeti, na kifungu hicho kifungwe: kisiguswe kwa mbio za mwenge, wala kwa ziara, wala kwa gari la mkurugenzi.

Tutaambiwa muundo wa utumishi wa walimu hauna kada ya msaidizi. Ni kweli, ndiyo maana tunazungumzia mkataba wa halmashauri wa miaka miwili, usioahidi ajira ya kudumu na usioificha. Lakini muda huo uhesabiwe kwenye usaili wa serikali. Aliyefundisha watoto 80 kusoma Kigoto ana kitu ambacho mtihani wa kuandika hauwezi kupima. Chama cha Walimu kinaweza kuhofu kwamba wasaidizi wa bei nafuu watakuwa kisingizio cha kutoajiri. Hofu hiyo ni halali kabisa. Kenya ilijaza sekondari za chini kwa walimu wa mkataba wa mafunzo, Mei 2024 wakagoma, na Januari 2025 ndipo 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Kinga yake ni kuandika kwamba msaidizi haingii kwenye hesabu ya uwiano wa mwalimu na wanafunzi. Shule yenye upungufu wa walimu kumi iendelee kuhesabiwa ina upungufu wa kumi hata kama ina wasaidizi sita.

Upo pia wasiwasi wa undugu, na tumeona Kenya ulivyojitokeza. Nafasi zitangazwe kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa. Usaili ufanywe na manispaa, na mwalimu mkuu asiwe mwenyekiti. Kamati ya shule ipewe daftari la mahudhurio ya msaidizi na ilisaini kila Ijumaa. Mishahara ilipwe benki moja kwa moja, tarehe moja kila mwezi. Mwisho wa mwaka watoto wapimwe tena kwa kipimo kilekile na matokeo yabandikwe ukutani, shule kwa shule. Kama hayajapanda, mpango usimame na fedha ziende kwingine. Sisi hatutaugombea.

Halmashauri hupanga bajeti kati ya Januari na Machi, ili mwaka wa fedha uanze Julai Mosi. Ofisi ya elimu ya Manispaa ina muda wa kuandaa andiko la kurasa tatu. Na waanze na wale walioko madarasani sasa hivi kwa hela ya soda: wasailiwe kwanza, wenye sifa wapewe mkataba, wasio na sifa washukuriwe na walipwe wanachodai. Orodha yao haihitaji utafiti. Kila mwalimu mkuu anayo.